Ateleze au azunguke? Jibu kwa mama wa mrusha tufe, na kisa cha goti la David Storl

"Habari za kazi, kocha. Mwanangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Ana urefu wa sentimita 184 na uzito wa kilo 92. Anarusha tufe la kilo 5 kwa mtindo wa kuteleza na amefika mita 14.10. Mwalimu mpya wa michezo anamtaka aache kuteleza aanze kuzunguka, eti siku hizi hakuna anayeshinda kwa kuteleza. Mtoto amegoma. Yeye ni mshabiki wa Mjerumani David Storl, simu yake imejaa video zake, na anasema Storl alikuwa bingwa wa dunia mara mbili kwa kuteleza. Mwalimu akamjibu kwamba Storl alishinda kwa sababu ni jitu, na kwamba huko kuteleza ndiko kulikomwua goti. Hapo ndipo nilipoogopa, maana tangu mwezi wa pili mwanangu analalamika goti la kushoto, chini kidogo ya pia ya goti. Mwalimu anasema ni maumivu ya kukua. Nimwamini nani? Na mtoto aendelee au apumzike?"

Salama, mama, na pole kwa wasiwasi. Kabla sijafika kwa Storl, nina jambo ambalo hukuliuliza. Mwambie kijana alale chali, kisha mkunje mguu wa kushoto taratibu, goti lielekee kifuani. Tazama goti linakokwenda. Likija moja kwa moja kifuani, sawa. Lakini kama linakimbilia pembeni lenyewe, au anashika kinena kwa maumivu, au siku hizi anachechemea na ncha ya mguu imegeukia nje, usisome zaidi. Mpeleke hospitali leo hii, asikanyagie mguu huo, na uombe eksirei ya nyonga zote mbili. Vijana wa umri wake wenye miili mizito hupatwa na tatizo la kichwa cha mfupa wa paja kuhama kwenye sehemu laini inayokua, na maumivu yake huweza kujitokeza gotini huku nyonga ikiwa imekaa kimya. Si jambo la kawaida sana, lakini likicheleweshwa huacha kilema. Nimelitanguliza kwa sababu watu wengi huchua goti miezi mitatu kumbe ugonjwa uko juu.

Kama nyonga iko salama, tuendelee. (Kuteleza ni kujivuta kinyumenyume kwa hatua moja kabla ya kurusha; kuzunguka ni kugeuka duru kama mrusha kisahani.)

Mwalimu na mwanao wote wawili wameshika nusu ya ukweli kuhusu Storl. Alizaliwa tarehe 27 Julai 1990 huko Rochlitz, mji mdogo wa jimbo la Saxony, miezi michache tu kabla Ujerumani mbili hazijaungana. Akalelewa kimichezo Chemnitz chini ya kocha Sven Lang. Eneo hilo lilikuwa Ujerumani Mashariki, na Ujerumani Mashariki ndiyo iliyoinoa sanaa ya kuteleza kuliko nchi yoyote. Ulf Timmermann alirusha mita 23.06 mwaka 1988, na hadi leo hakuna aliyeteleza akafika mbali kuliko hapo. (Mwambie kijana asiifanye namba hiyo kuwa deni lake. Serikali ile iliendesha mpango wa kuwapa wanamichezo dawa za kuongeza misuli, na viongozi wake walifikishwa mahakamani Berlin mwaka 2000. Ufundi wa enzi ile naufundisha hadi leo. Umbali wa enzi ile siuwekei watoto ukutani.)

Sasa tazama ngazi aliyopanda Storl, maana hii ndiyo sehemu ambayo video za simu hazionyeshi. Mwaka 2007 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa chini ya miaka 18, kwa tufe la kilo 5, lile lile la mwanao. Mwaka 2008 akawa bingwa wa dunia wa chini ya miaka 20, tufe la kilo 6. Mwaka 2009 akafikisha mita 22.73 kwa tufe hilo la kilo 6, na wakati huo ikawa rekodi ya dunia ya vijana. Tufe la wakubwa, kilo 7.26, likamjia akiwa amekomaa kulikabili, na mwaka 2011 mjini Daegu, Korea Kusini, akiwa na miaka 21, akaingia duarani kwa mrusho wa mwisho akiwa nyuma ya Mkanada Dylan Armstrong mwenye mita 21.64. Akatoa 21.78. Hakuna mwanamume aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa tufe akiwa mdogo kuliko yeye.

Mwaka uliofuata, Olimpiki ya London, alikosa dhahabu kwa sentimita tatu. Tomasz Majewski wa Poland alipata 21.89, yeye 21.86. Mwaka 2013 mjini Moscow akatetea ubingwa wa dunia kwa 21.73, na kisa cha mrusho huo napenda kuwasimulia wanafunzi wangu. Mwamuzi aliinua bendera nyekundu, akidai mguu umegusa juu ya ubao ulio mbele ya duara la kurushia. Storl akapinga, picha zikaangaliwa, bendera ikageuka nyeupe. Kanuni inaruhusu mguu kugusa ubao kwa upande wa ndani, ila si juu yake. Vijana wengi niliowafundisha hawalijui hilo, hivyo huuogopa ubao na kurusha wakiwa nusu mita nyuma yake. Hiyo nusu mita wanaitoa sadaka kila siku.

Kisha ikaja mita 22.20 mjini Lausanne mwaka 2015, ambayo ndiyo bora yake, na fedha ya dunia mjini Beijing mwaka huo huo. Akawa bingwa wa Ulaya mara tatu, 2012, 2014 na 2016. Lakini humo humo katikati magoti yalimpeleka kwenye chumba cha upasuaji, na Olimpiki ya Rio mwaka 2016 aliishia nafasi ya saba.

Je, alishinda kwa sababu ni jitu? Ana sentimita 199, si haba. Ila tupige hesabu. Tufe likitoka mkononi kwa kasi ya mita 14 kwa sekunde, kutoka urefu wa mita 2.2 na kwa mwinuko wa nyuzi 37 hivi, linatua karibu mita 21.8. Punguza kasi hiyo kwa mita moja tu kwa sekunde, linatua mita 19.1. Umepoteza karibu mita 2.7. Sasa rudisha kasi ilivyokuwa, na badala yake mfupishe mrushaji kwa sentimita 10. Anapoteza sentimita kumi na kitu, basi. Urefu unalipa kwa sentimita, kasi inalipa kwa mita. Mikono mirefu inasaidia pia kwa kuwa inalisukuma tufe kwa njia ndefu zaidi kabla ya kuliachia, lakini jitu lisilo na kasi litamtazama mwanao kwa mbali. Kwa hiyo usikubali aambiwe kwamba Storl ni suala la kimo.

"Hakuna anayeshinda kwa kuteleza." Hapa mwalimu ana haki zaidi. London 2012, dhahabu na fedha za wanaume zilikwenda kwa watelezaji. Baada ya hapo mambo yakageuka. Rio, Tokyo na Paris, nafasi zote tatu za juu za wanaume zilichukuliwa na wazungukaji, na rekodi ya dunia ya Ryan Crouser, mita 23.56 ya mwaka 2023, ni ya kuzunguka. Kwa wanawake bado hesabu haijafungwa: Gong Lijiao wa China alichukua dhahabu ya Tokyo kwa kuteleza, mita 20.58, na Paris 2024 ikachukuliwa na mzungukaji, Mjerumani Yemisi Ogunleye, kwa mita 20.00 kamili katika mrusho wake wa mwisho. Huyu Ogunleye mwanao amtafute pia kwenye simu. Alianzia kwenye kuruka na michezo mchanganyiko, magoti yakamsaliti akiwa binti mdogo, akahamia tufe. Anayesema goti bovu ndiyo mwisho wa safari hajamtazama.

Hebu sasa tuingie duarani, maana bila kuelewa kinachotendeka humo hutajua kwa nini kijana anaumia pale anapoumia.

Duara lina kipenyo cha mita 2.135. Ndani ya nafasi hiyo ndogo mrushaji anatafuta mwendo, halafu anaukata ghafla. Tunasema "kurusha" kwa mazoea, lakini kanuni inataka tufe lisukumwe kutoka begani kwa mkono mmoja, likiwa limeanzia shingoni au kidevuni. Mtelezaji anasimama amegeuka nyuma, anajikunja juu ya mguu wa kulia, anajivuta kinyumenyume kwa hatua moja ya chinichini, kisha mguu wa kushoto unatua karibu na ubao. Hapo ndipo kazi yenyewe huanza. Mguu wa kushoto unakuwa bawaba, mwili unakuwa mlango. Upande wa kushoto unasimama kabisa, upande wa kulia unazunguka kwa nguvu kuuzunguka, na tufe linatoka kama kitu kilichokuwa juu ya pikipiki iliyofunga breki. Mguu ukilegea, mwendo wote unamwagika. Ukikaza, mwendo unapanda kifuani, begani, kidoleni.

Ndiyo maana sisi huuita mguu wa breki. Na breki hiyo inafungwa na nini? Na kano inayotoka chini ya pia ya goti na kujishika mbele ya mfupa wa muundi. Uzito wote wa kilo 92 unaokuja kwa kasi unasimamishwa hapo, mara 30 au 40 kwa mazoezi mamoja, bila kuhesabu kuruka na kubeba vyuma. Mwanao anaumia mguu wa kushoto, chini kidogo ya pia. Hilo halinishangazi hata kidogo.

Mzungukaji je? Anaingia kama mrusha kisahani, anazunguka duru moja na nusu hivi, anatua, na mguu wa kushoto unakuja kufanya kazi ile ile ya breki. Hapa ndipo ninapokataa usemi kwamba kuteleza kulimwua Storl goti na kwamba kuzunguka ni dawa. Breki iko kwenye mitindo yote miwili. Kinachobadilika ni namna mzigo unavyoingia: kwa kuteleza unaingia zaidi kwa mbele, kwa kuzunguka unaingia na msokoto. Wazungukaji nao hufanyiwa upasuaji wa magoti, tena wengi. Goti la Storl lilibeba kazi ya kiwango cha juu kabisa tangu ujana wake, na hakuna mtindo ambao ungembebea bure.

Hapo sasa niulize kitu ambacho barua yako haikusema: shuleni wanarushia wapi? Kama duara lenu ni la saruji laini, mazungumzo ya kuzunguka yanawezekana. Kama ni mstari uliochorwa kwa chokaa kwenye udongo, na kijana anavaa viatu vya mpira wa kawaida vyenye meno, basi nasema hapana, tena hapana kubwa. Unyayo utang'ang'ania ardhi huku mwili unageuka, na msokoto wote utaishia gotini. Nimewaona vijana wakijifunza kuzunguka kwenye vumbi lenye kokoto. Walichopata ni vifundo vya miguu vilivyovimba.

Tuseme duara lipo. Ungekuwa mtoto wangu ningefanyaje? Kwanza ningeacha ubishi wa mtindo kwa muda na kupima vitu viwili: anarusha mita ngapi akiwa amesimama tu, mguu wa kushoto ukiwa tayari mbele, na mita ngapi akiteleza. Mrushaji aliyeshika kuteleza vizuri hupata kati ya mita moja na nusu na mbili zaidi ya kusimama. Kama mwanao akisimama anafika 13.50 na akiteleza ni hiyo 14.10, basi mtelezo wake haumpi kitu. Anateleza, anasimama, anajipanga upya, ndipo anarusha. Tatizo hilo halitibiwi kwa kuzunguka. Kuzunguka kutalifunika tu, maana mtu asiyejua kuunganisha hatua moja na mrusho hataweza kuunganisha mizunguko.

Kama tofauti ni mita mbili na zaidi, ana mguu mwepesi na anapenda kucheza na kisahani, basi namwelewa mwalimu. Kijana wa sentimita 184 hana ule mwili mrefu ambao kuteleza kunautunza vizuri, na kuzunguka kumewapa wengi wa kimo chake nafasi ya kupambana na majitu. Lakini gharama ipo. Mwaka mzima, pengine zaidi, namba zitashuka. Mirusho mingi itaharibika, mingine itatoka nje ya mistari, na kama kuna mashindano ya mkoa mwakani atayaona ni machungu. Kijana anayejua hilo mapema huvumilia. Asiyejua hudhani amepungukiwa kipaji.

Kwa umri wake mimi hufundisha vyote viwili. Kuteleza kwenye mashindano, kuzunguka bila tufe au kwa tufe jepesi mara moja au mbili kwa wiki, kama mchezo. Akifika 18 mwili wake wenyewe utasema. Na msiruhusu apewe tufe la kilo 7.26 kwa sababu ndilo pekee lililopo kwenye stoo ya shule. Kumbuka ngazi ya Storl: tano, sita, ndipo saba na kitu. Tufe zito kabla ya wakati humfundisha kijana kuegemea na kusukuma kwa mgongo, na kasi ndiyo hiyo inakufa.

Sasa goti. "Maumivu ya kukua" ni jina la kapu, mama, na watu hutupia humo kila kitu. Mtoto wa miaka 16 anayeumwa hapo mara nyingi ana moja kati ya mambo mawili. Akibonyeza kile kinundu cha mfupa kilicho vidole viwili au vitatu chini ya pia na hapo ndipo panapouma, pengine kinundu chenyewe kimevimba kuliko cha mguu wa pili, basi kano inavuta sehemu ya mfupa ambayo bado haijakomaa. Hilo kweli linahusiana na kukua, na kwa kawaida hutulia ukuaji ukikamilika. Akibonyeza ncha ya chini ya pia yenyewe na hapo ndipo panapochoma, basi kano ndiyo imechoka kwa kubebeshwa zaidi ya inavyojengeka. Hili la pili ni ugonjwa wa wanaoruka na wanaofunga breki, nalo halingojei mtu akue. Lisipopunguziwa mzigo huota mizizi.

Dawa yake haiko kwenye kulala kitandani. Kano isiyobebeshwa chochote hudhoofika, na siku akirudi maumivu yatamsubiri mlangoni. Kinachosaidia ni kupunguza vile vinavyoichapa kano ghafla, yaani kuruka, mbio za kasi na mirusho kamili, halafu kuijenga polepole. Akae ameegemea ukuta kama yuko kwenye kiti kisichoonekana, sekunde 30 hadi 45, mara nne au tano. Baadaye kuchuchumaa taratibu akihesabu tatu kushuka na tatu kupanda. Kipimo chetu ni rahisi: kama sifuri ni hakuna maumivu na kumi ni maumivu yasiyovumilika, akifanya zoezi yasizidi tatu, na asubuhi ya pili yawe yamerudi yalipokuwa. Yakiamka juu zaidi, jana alizidisha. Huku akiendelea na mirusho ya kusimama isiyo na nguvu nyingi, mikono na kifua havitapoteza kitu. Hesabu miezi, si wiki.

Asimeze vidonge vya maumivu kabla ya mazoezi ili aweze kurusha. Na mtu akipendekeza sindano ya steroidi ndani ya kano hiyo, kataa kwanza, muulize daktari wa mifupa. Kano iliyodhoofishwa hivyo inaweza kukatika. Zile steroidi nyingine, za kuongeza misuli, atazikuta gimu akianza kubeba vyuma na kusifiwa. Zungumza naye wewe kabla hajazungumziwa na muuzaji.

Mimi namsoma mwanao kwa barua tu, na goti halichunguzwi kwa barua. Ni tangu mwezi wa pili, hivyo hata kama hakuna la kutisha, apelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia ndani ya wiki hizi mbili, mwenye kuona watu wa michezo kama yupo karibu. Usisubiri siku hiyo kama goti limevimba, linakwama likikataa kunyooka au kukunjika, linamwangusha ghafla, linamwamsha usiku, au lina joto pamoja na homa. Hayo ni ya daktari mara moja. Vilevile kama alisikia kitu kinapasuka akirusha na sasa hawezi kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka.

Kwa mwalimu nenda kwa upole. Si adui, na wazo lake si la kijinga. Mwombe wapime ile mirusho miwili, ya kusimama na ya kuteleza, siku ambayo goti limetulia, mirusho mitatu mitatu, waandike ule bora wa kila aina. Niletee namba hizo mbili na picha ya duara lenu, tena duara lenyewe, chini, si kijana akiwa amesimama humo.